Chungu cha Itaka na Daftari la Wamonaki

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Mbeya hupita katika wilaya ya Mbozi, nchi ya mwinuko yenye mashamba ya kahawa, mahindi, maharage na ulezi. Ndani ya wilaya hiyo, katika mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016, iko Itaka. Huko nilikwenda kiangazi kilichopita kumwamkia bibi mmoja ambaye amepika pombe ya ulezi tangu ujana wake.

Nilimkuta ameinama juu ya ulezi uliolowekwa na kufunikwa kwa majani ya migomba ili uchipue. Alifunua pembe moja, akachota kiasi cha kujaza ncha ya kidole, akatafuna polepole, akatema makapi. "Bado, mwanangu," akaniambia. "Utamu wake haujafika. Tuuache hadi kesho." Kesho yake alitafuna tena, akaridhika, na ulezi ukaanikwa juani. Hakuwa na saa, wala kipimajoto, wala kitabu.

Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama karibu. Nikamwuliza: "Hebu nieleze, bibi yako anafanya nini hapa kwa lugha ya kemia?" Kijana akacheka kwa adabu. "Hapana, mwalimu, bibi anapika pombe tu. Kemia tunasoma shuleni."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana yule hana kosa. Amejifunza alivyofundishwa, kwamba maarifa hukaa katika maabara na vitabuni, na kwamba yafanyikayo jikoni kwa bibi yake ni mazoea tu. Wanafunzi wa Mbozi hupelekwa Ndolezi kukitazama kimondo kilichoanguka kutoka angani, na ni vizuri wapelekwe. Lakini njiani hupita vyungu kadhaa ambavyo ndani yake mna biolojia na kemia ya kutosha muhula mzima, wala hapana anayewaambia wasimame watazame.

Niliyafikiri hayo nikikumbuka mahali pengine ambapo pombe hupikwa na watu wasiotazamiwa kuwa wapika pombe, nao hawadhaniwi kuwa wajinga. Naomba msomaji anivumilie nimpeleke huko kwanza, kisha turudi Itaka.

Wamonaki na kazi ya mikono

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ubelgiji, katika mji wa Leuven, wenzangu walinialika jioni moja tuonje bia za Watrapisti. Watrapisti ni wamonaki wa Kanisa Katoliki ambao jina lao limetokana na abasia ya La Trappe huko Normandy, Ufaransa. Hufuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo huwataka wasali, wakae kimya kwa sehemu kubwa ya siku, na waishi kwa kazi ya mikono yao wenyewe. Baadhi ya monasteri hutengeneza jibini, nyingine mkate, na chache hupika bia. Abasia ya Westmalle imepika tangu mwaka 1836, na ile ya Scourmont, ambayo bia yake huitwa Chimay, tangu mwaka 1862. Orval ilianzisha kiwanda chake mwaka 1931 ili kupata fedha za kuijenga upya abasia iliyokuwa magofu.

Mwaka 1997 monasteri kadhaa ziliunda umoja wao na kuweka nembo yenye pembe sita. Bia hairuhusiwi kubeba nembo hiyo isipokuwa imepikwa ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa wamonaki, na mapato yake yawe ya kuwakimu wamonaki na kuwasaidia wenye shida, wala si ya kumtajirisha mtu.

Jioni ile nilitazamia ulevi, nikakuta darasa. Tulimiminiwa kiasi kidogo kila mmoja. Kabla ya kuonja tulitazama rangi na povu, tukanusa, kisha kila mtu akaandika alichokiona. Ndipo mabishano yakaanza: harufu hii ni ya matunda au ya mkate uliookwa? Uchungu huu umetoka katika maua ya hopi au katika shayiri iliyokaangwa? Mwenyeji wetu alitupa bia ya Orval ya miezi michache na nyingine ya aina ile ile iliyokaa zaidi ya mwaka. Zilikuwa kama ndugu wawili wasiofanana, kwa sababu ndani ya chupa hutiwa chachu ya jamii ya Brettanomyces, ambayo huendelea kula sukari zilizobaki na kubadilisha ladha kadiri siku zinavyopita. Wala wamonaki wenyewe hawanywi kila siku zile bia kali zenye asilimia 9 au 10 ya kileo. Zipo monasteri zinazopika bia hafifu kwa ajili ya meza yao wenyewe.

Jambo moja nililoelezwa jioni ile lilinikaa moyoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wamonaki wa Scourmont walitaka bia yao isibadilike-badilike. Hawakuona haya kuomba ushauri wa Jean De Clerck, profesa wa sayansi ya bia wa Leuven, na mwaka 1948 mmonaki aitwaye Théodore alifanikiwa kuitenga chachu ambayo ndiyo msingi wa bia ya Chimay. Mmonaki alikuwa na mapokeo, profesa alikuwa na hadubini, wakakaa meza moja na kuandika. Sifa ya bia yao duniani haikuletwa na utakatifu peke yake. Ililetwa pia na daftari.

Si wageni kwetu

Msomaji asidhani kwamba watu hawa hawajakanyaga ardhi yetu. Abasia hiyo hiyo ya Scourmont ndiyo iliyoanzisha monasteri ya Mokoto, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 1954. Nayo abasia ya Koningshoeven karibu na Tilburg, Uholanzi, ambayo hupika bia iitwayo La Trappe, ilianzisha monasteri huko Lumbwa, siku hizi Kipkelion, nchini Kenya, mwaka 1956. Jumuiya hiyo ilihamia Uganda mwaka 2008 baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya. Hawakuja kwa ajili ya bia bali kwa ajili ya sala na kilimo. Hata hivyo walikuta watu waliojua kuotesha nafaka na kuigeuza kinywaji muda mrefu kabla yao.

Yaliyomo chunguni

Sasa turudi Itaka. Kazi ya yule bibi, tukiitazama kwa jicho la sayansi, ni hatua zile zile zifanyikazo Westmalle.

Kwanza, kimea. Punje ya ulezi imejaa wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Punje inapopata maji huamka, na ili kuulisha mche wake mchanga hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilesi, ambavyo hukata minyororo mirefu ya wanga kuwa sukari. Bibi anapotafuna anapima kiasi cha sukari, na kwa njia hiyo anapima nguvu ya vimeng'enya. Akianika mapema, kimea huwa dhaifu. Akichelewa, mche huwa umekwisha kula sukari yenyewe.

Kwa nini ulezi? Wazee wetu hawakuuchagua kwa bahati. Kimea cha ulezi kina nguvu kubwa ya amilesi kuliko kile cha mahindi. Isitoshe, machipukizi ya mtama huwa na dutu iitwayo dhurini, ambayo huweza kutoa sumu ya sianidi, lakini ulezi hauna hatari hiyo kwa kiasi cha kutajwa.

Pili, uji. Unga hupikwa hadi chembe za wanga zivimbe na kupasuka, ili vimeng'enya vipate pa kushika. Kisha bibi husubiri. Hatii kimea katika uji unaochemka. Huchovya kidole, na kidole kikistahimili ndipo humimina. Ukimwuliza sababu atasema, "Ukitia kwenye moto mkali, kimea kinakufa." Amesema kweli, kwani amilesi ni protini, na joto la kuchemka huiharibu isiweze kufanya kazi tena.

Tatu, kuchachuka. Hapa hufanya kazi makundi mawili ya viumbe. Bakteria wa asidi ya laktiki huleta ugwadu na kuwazuia vijidudu wengine wasistawi, na chachu hugeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kabonidayoksaidi, ile iletayo povu. Bibi hanunui chachu. Huchukua machicha ya pombe iliyopita na kuyatia katika pombe mpya, kama vile mmonaki Théodore alivyoitunza chachu yake, ila huyu hana chupa wala jokofu.

Bia ya Ulaya hupata uchungu kutokana na maua ya hopi. Sisi nasi hatukukosa elimu hiyo. Wachagga hutia gome la mti wa msesewe katika mbege, ambayo hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi. Pombe ya ulezi isiyotiwa gome hupata ukakasi wake kwa tanini zilizo katika ganda jekundu la punje. Tazama, msomaji: ugwadu, ukakasi, uchungu, ukali, utamu, uzito, povu, machicha. Lugha yetu ina maneno ya kutosha ya kuonjea. Upungufu wetu ni kwamba hatujakaa chini kuyatumia kwa mpango, na kuandika.

Chachu yenye jina la Kiswahili

Ipo habari ambayo kila mwalimu wa biolojia angepaswa kuisimulia. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani Paul Lindner alieleza chachu aliyoipata katika pombe ya nafaka kutoka Afrika ya Mashariki. Chachu ya mkate huzaana kwa kuchipuza kijipu ubavuni, lakini hii ilikuwa na umbo la fimbo fupi na ilijigawa kwa kukatika katikati. Aliipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Neno la mwisho ni letu, na halihitaji tafsiri.

Kwa kuwa hujigawa kwa utaratibu ulio wazi, chachu hiyo iliwafaa sana wanasayansi waliotaka kujua seli huamuaje kujigawa. Mwingereza Paul Nurse aliitumia kutambua jeni inayotawala uamuzi huo, na mwaka 1987 yeye na mwenzake walionyesha kwamba jeni ya binadamu yaweza kufanya kazi hiyo hiyo ndani ya chachu. Ujuzi huo husaidia kuielewa saratani, ambayo ni seli kujigawa bila kizuizi. Mwaka 2001 Nurse alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Timothy Hunt, na mwaka uliofuata orodha kamili ya jeni za chachu hiyo ilichapishwa.

Basi katika maabara za London na New York watu husema "pombe" kila siku wakimaanisha sayansi ya hali ya juu, na kijana wa Itaka husema "pombe tu". Mimi naona aibu hiyo ni yetu sisi walimu.

Hoja ya wapinzani

Najua litakalosemwa. Pombe imeharibu nyumba nyingi. Fedha za karo huishia kilabuni, na wanawake na watoto hupigwa. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba mwaka 2017, wazazi wengi walishukuru. Je, mhadhiri huyu anataka kupeleka chungu darasani?

Nakubaliana na uchungu wa hoja hiyo, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Simshauri mwanafunzi yeyote anywe kileo. Tena nasema wazi kwamba mtoto hana nafasi kilabuni. Lakini kutokujua hakujawahi kumlinda mtu na pombe, na kuna wakati kutokujua kumeua.

Mwezi wa Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu waliokuwa msibani walikunywa pombe ya kienyeji. Katika siku zilizofuata watu 75 walikufa, akiwamo mwanamke aliyeipika. Uvumi ulienea mara moja kwamba mtu ametia nyongo ya mamba, na katika vijiji vyetu twajua uvumi wa namna hiyo huweza kumgeuzia nani kidole. Uchunguzi wa maabara ndio uliokuja kuonyesha kwamba palikuwa na sumu iitwayo asidi ya bongkreki, itengenezwayo na bakteria Burkholderia gladioli katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Hapakuwa na mchawi wala nyongo. Palikuwa na unga mbovu.

Hatuhitaji kwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Mpikaji akipata nafaka iliyoota ukungu aitupe, au aseme "hii yafaa kwa pombe"? Swali hilo huamuliwa majumbani kila wiki, na mara nyingi huamuliwa vibaya, kwa dhana kwamba kuchachuka husafisha kila kitu. Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti kati ya chachu, bakteria wa laktiki, ukungu na sumu zake ndiye atakayemwambia bibi yake kwa heshima, "Bibi, hii tusiitumie." Nani mwingine atamwambia?

Togwa iwe darasa letu

Njia ipo, nayo haina kileo cha kumtia mzazi hofu. Ni togwa. Togwa hufuata hatua zile zile za kimea na uji, lakini hunywewa mapema, bakteria wa laktiki wakiwa wamefanya kazi yao na chachu ikiwa haijapata nafasi. Watafiti wamekwisha kuonyesha thamani yake. Tangu miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza matumizi ya kimea katika uji wa watoto, kwa sababu kijiko cha kimea hulainisha uji mzito, na mtoto hupata chakula kingi katika tumbo dogo. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba ugwadu wa togwa hupunguza vijidudu viletavyo kuhara.

Napendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu.

La kwanza, jaribio. Pika uji mzito wa mahindi, uache upoe hadi kidole kistahimili, ugawe katika vikombe vitatu. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili tia kijiko cha unga wa kimea. Cha tatu tia kimea kilichokwisha kuchemshwa katika maji. Baada ya dakika chache kikombe cha pili kitamiminika kama maziwa, na vile viwili vitabaki vizito. Chota tone kutoka kila kikombe, uliweke kwenye kigae na kulipima kwa iodini, urudie kila baada ya muda. Rangi ya buluu iliyoiva itafifia katika tone la kikombe cha pili peke yake. Matone yaliyotiwa iodini, na vikombe vyote vya jaribio, vimwagwe visionjwe. Mwanafunzi atakayeona hayo hatasahau kimeng'enya ni nini.

La pili, daftari. Kila mwanafunzi amwulize mama au bibi yake jinsi anavyotengeneza togwa au kimea: ulezi hulowekwa kwa muda gani, hufunikwa kwa nini, huchipua siku ngapi wakati wa baridi na siku ngapi wakati wa joto, dalili ya kuiva ni ipi. Aandike kwa Kiswahili, na maneno ya Kinyiha au ya lugha nyingine ayahifadhi yalivyo. Aandike pia jina la aliyemfundisha, iwapo mwenyewe ameridhia. Maarifa hayo yana wenyewe, na mwenye maarifa ni mwalimu.

La tatu, kuonja na kujadili. Darasa liandae togwa safi, kwa nafaka nzima isiyo na ukungu na vyombo vilivyooshwa, ya siku ya kwanza na ya siku ya pili. Wapime asidi kwa karatasi ya rangi. Kisha waonje kidogo kidogo, kila mmoja aandike kabla ya kusema, ndipo wabishane: ugwadu umezidi wapi, ukakasi umetoka wapi? Hivyo ndivyo tulivyofanya Leuven, na hapana kinachotuzuia kufanya vivyo hivyo Itaka.

Muda hautusubiri

Nimalizie na wamonaki. Mwaka 2021 bia ya Achel, huko Ubelgiji, ilipoteza ile nembo ya pembe sita, kwa sababu hapakuwa tena na mmonaki aishiye mahali pale. Vijana wamekuwa wachache, na wazee wamekufa. Hata hivyo mapishi ya monasteri hizo yako katika maandishi, na yeyote atakaye kujifunza atayapata.

Bibi wa Itaka ana umri wa kupita miaka 70. Mabinti zake wako mjini, na mjukuu wake anasomea kemia bila kujua kwamba ameikuta nyumbani. Siku niliyoaga nilimwomba kijana achukue daftari lake la shule, nasi tukakaa pamoja karibu na mafiga. Nilimwomba bibi atueleze tangu mwanzo. Alishangaa kwamba kuna mtu anataka kuyaandika mambo hayo, kisha akaanza, taratibu, kama mtu anayesomea wengine barua.

Kijana aliandika kurasa nne. Katikati ya ukurasa wa tatu alisimamisha kalamu, akamtazama bibi yake na kumwuliza, "Bibi, ulijuaje kwamba moto unaua kimea?" Bibi akajibu, "Niliharibu vyungu vingi, mwanangu, kabla ya kujua." Tangu hapo sikuhitaji kumweleza kijana yule maana ya jaribio.